Umeme Umefika Mwisho wa Reli, Chaja Bado

Jioni kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, Ziwa Tanganyika, vijana huteremka majini na betri mabegani. Ni betri za volti 12, za aina ile ile inayowasha magari, na zimeshinda kutwa zikichajiwa, nyingine kwenye paneli ya sola juu ya bati, nyingine kwenye soketi ya duka la jirani kwa malipo kidogo. Zinawekwa ndani ya mtumbwi mahali pasiporukiwa na maji, zinaunganishwa na taa za LED, kisha mitumbwi inaondoka kuwafuata dagaa gizani. Kazi hiyo ya kuwavuta dagaa kwa mwanga ilikuwa ya karabai miaka mingi, na kila karabai ilikula mafuta ya taa usiku kucha. Betri iliiondoa karabai bila semina wala sherehe ya kukata utepe. Mvuvi alipiga hesabu, akaona faida, akahama.

Anayetaka kujua habari za vituo vya kuchajia vyombo vya umeme mkoani Kigoma aanzie hapo. Mkoa huu, wenye watu zaidi ya milioni 2.4 kwa sensa ya mwaka 2022, si mgeni wa biashara ya kuchaji. Kabla nguzo hazijafika vijijini, mwenye jenereta au paneli alikuwa na ubao wa soketi nyingi kibandani, na simu za watu zikapangwa juu yake, kila moja imebandikwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Simu zimeshazoeleka, taa za dagaa zimeshazoeleka. Hatua inayofuata ni pikipiki na bajaji, na baadaye gari. Hapo ndipo watu wanaposema wanasubiri kituo kifunguliwe, na swali la kwanza la kumuuliza anayesubiri ni hili: kituo gani?

Kwanza umeme wenyewe, maana bila huo hakuna la kuzungumza.

Kwa miongo mingi Kigoma ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa. Mji uliendeshwa kwa majenereta ya shirika la umeme, TANESCO, yaliyochoma dizeli, na dizeli hiyo ilisafirishwa kutoka pwani. Bei ya uniti ni moja nchi nzima, kwa hiyo mteja wa Kigoma alilipa sawa na wa Dar es Salaam huku shirika likibeba hasara ya mafuta. Pikipiki ya umeme katika Kigoma ya wakati ule isingepunguza lolote la maana. Ingekuwa inatembea kwa dizeli vilevile, ila dizeli imechomwa kwenye jenereta badala ya kuchomwa barabarani.

Mambo yalianza kugeuka Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa ziarani mkoani. Umeme wa gridi ukaingia wilaya za kaskazini mwa mkoa, na majenereta ya Kasulu na Kibondo yakapumzishwa. Umeme huo ulipitia Nyakanazi, kituo cha kupozea umeme ambacho pia kimeunganishwa na bwawa la Rusumo lenye megawati 80, mali ya pamoja ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kazi kubwa zaidi ilielekezwa Kidahwe, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Huko ndiko njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Urambo na Nguruka inakoishia, na ndiko inakolengwa njia ya kilovolti 400 kutoka Nyakanazi. Nyuma ya yote hayo lipo Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, miezi ambayo mgao wa umeme ulikuwa bado mchungu midomoni mwa watu. Kigoma yenyewe ina mradi wake kwenye maporomoko ya Igamba, Mto Malagarasi, wa megawati 49.5, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2020.

Kwa maneno mengine, maji ya Rufiji, ya Rusumo na siku moja ya Malagarasi yanaweza kumbeba abiria wa Kigoma kutoka Mwanga hadi Ujiji. Miaka michache iliyopita hilo lilikuwa ndoto.

Petroli, kwa upande wake, bado inasafiri safari ile ile. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ya kati, ile iliyofika hapa mwaka 1914, ni kama kilomita 1,250. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mdhibiti wa nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo mji kwa mji, na kila mwezi wenye vyombo vya moto wa Kigoma huiona gharama ya umbali huo. Lita moja huwa juu ya bei ya Dar es Salaam kwa shilingi 200 na ushei. Vijijini, kusiko na sheli, petroli huuzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara, na muuzaji wa chupa naye anaweka faida yake. Upande wa pili wa mpaka, Burundi imeonja miaka kadhaa ya uhaba mkali wa mafuta, foleni za Bujumbura zikilala barabarani. Mkoa unaopakana na dhiki ya namna hiyo una sababu ya kutafuta nishati isiyotegemea lori la mafuta.

Wapo watakaosema jibu ni gesi asilia. Dar es Salaam imeliona jibu hilo: bajaji na teksi nyingi zimefungwa mitungi ya gesi iliyoshindiliwa, na foleni kwenye vituo vya gesi zimekuwa habari ya kila siku. Gesi hiyo hutoka Songo Songo na Mtwara, na bomba lake limeishia pwani. Kuileta Kigoma kwa lori ni kuurudisha mzigo ule ule wa umbali. Katika jambo hili mwisho wa reli una nafasi yake: gesi haijafika, umeme umefika.

Sasa hesabu ya kijiweni, maana bodaboda hanunui hoja asiyoweza kuipiga kwa vidole. Tuseme dereva anatembea kilomita 100 kwa siku, na pikipiki yake inakwenda kilomita 40 kwa lita. Atatumia lita mbili na nusu. Kwa bei ya shilingi 3,200 kwa lita, hiyo ni shilingi 8,000. Pikipiki ya umeme kwa umbali huo huo hula uniti tatu hadi nne, ukihesabu na kinachopotea wakati wa kuchaji. Uniti moja ya mteja wa kawaida wa TANESCO ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, na ukijumlisha vyote inakaribia 360. Uniti nne hazifiki shilingi 1,500. Tofauti ni zaidi ya shilingi 6,500 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi inapita laki moja na nusu. Hapo hujagusa oili ya injini, plagi wala kabureta, vitu ambavyo pikipiki ya umeme haina.

Hesabu hiyo ni ya anayechaji kwa luku yake mwenyewe. Kituo kitaongeza pango, mishahara na faida, na hilo ni haki yake. Hata uniti ikiuzwa mara mbili ya bei ya luku, dereva bado anabaki na kitu mfukoni baada ya kutoa hesabu ya bosi.

Tatizo liko kwenye muda. Betri ya kawaida ya pikipiki ya umeme hubeba uniti mbili hadi nne. Chukua ya uniti tatu: itamfikisha dereva kilomita 70 au 80, yaani itamwishia mchana, abiria wakiwa bado wengi. Chaja ya wati 700 itahitaji zaidi ya saa nne kuijaza tena. Dereva mwenye mkataba wa pikipiki, anayetakiwa kupeleka fedha kila jioni, hawezi kukaa saa nne chini ya mwembe akiitazama taa ya chaja. Kwa mtu huyu soketi ya nyumbani inatosha usiku tu. Mchana anahitaji mahali pa kuacha betri tupu na kuchukua iliyojaa.

Kigali walilitatua hilo kwa njia hiyo hiyo. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme huko mwaka 2019, na msingi wake ni vituo vya kubadilishia betri. Dereva anaingia, anachomoa betri, anachomeka nyingine, analipia umeme alioutumia, anaondoka. Ni shughuli ya dakika chache. Betri, ambayo ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote kwenye pikipiki, inabaki mali ya kampuni, na hofu ya kuharibikiwa nayo haimlalii dereva. Serikali ya Rwanda ikaja kukazia: tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria inayosajiliwa Kigali lazima iwe ya umeme. Kigali ni mji wa milima. Anayedhani pikipiki za umeme haziwezi kupanda kutoka stesheni ya Kigoma kwenda Mwanga na akazitazame kule. Mota ya umeme hutoa nguvu yake tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na kwenye mteremko baadhi ya pikipiki hurudisha umeme kidogo kwenye betri. Barabara ya Lumumba, inayoshuka kutoka Mwanga hadi mlangoni mwa stesheni, inafaa kabisa kujaribia jambo hilo.

Kenya nayo ina ya kufundisha. Mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022. Mwaka uliofuata mamlaka ya nishati ya huko ikaweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri: shilingi 16 za Kenya kwa uniti saa za kawaida, na shilingi 8 usiku mahitaji yanapopungua. Maana ya bei hiyo ya usiku inahitaji kueleweka. Watu wakilala, mitambo ya maji bado inaweza kuzalisha, na umeme usiotumika hauna pa kuwekwa. Ukimpunguzia bei anayechaji saa nane za usiku, umeuza kile ambacho kisingepata mnunuzi saa hizo. EWURA na TANESCO wakitoa bei ya namna hiyo, mwenye kituo Kigoma angejaza betri za mji mzima kabla ya adhana ya alfajiri.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya Kigoma hauko Kigali wala Nairobi. Uko Homa Bay na Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Kampuni ya WeTu ina vituo vya sola ufukweni huko, na kazi yao ya mwanzo ilikuwa kuchaji taa za wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa hilo, ili waachane na mafuta ya taa. Baadaye vituo hivyo hivyo vikaanza kuhudumia pikipiki za umeme. Mvuvi na bodaboda wakakutana kwenye chaja moja. Anayeijua Kibirizi ataona mara moja kwa nini jambo hilo linafaa hapa: mchana betri za taa zinajazwa, usiku ziko ziwani, na soketi zilizobaki wazi zinajaza betri za pikipiki za kesho.

Betri ya taa ya saizi ya ampea 70 kwa volti 12 hubeba chini ya uniti moja. Betri hamsini za namna hiyo ni kama uniti hamsini kwa siku, mzigo mdogo kwa gridi na biashara nzuri kwa mwenye kituo. Ila biashara hiyo ina kalenda yake. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavutwi na taa, mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Tena kuna miezi ya kufunga Ziwa Tanganyika, kama ilivyokuwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, shughuli za uvuvi ziliposimamishwa ili samaki wazaliane. Kituo kinachotegemea wavuvi peke yao kingelala njaa miezi hiyo. Kikiwa na bodaboda na bajaji, kinapumua.

Turudi kwenye swali la kituo gani, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapoweza kupotea. Picha wanayoipata wengi vichwani ni ile ya mitandaoni: mtambo mrefu unaong'aa, kebo nene, gari jeupe limeegeshwa pembeni. Hiyo ni chaja ya haraka. Inatoa umeme mnyoofu moja kwa moja kwenye betri ya gari, kwa nguvu ya kilowati 50, 60 na zaidi, na inaweza kujaza sehemu kubwa ya betri chini ya saa moja. Transfoma nyingi za mitaani ni za kVA 50, 100 au 200, na kila moja imeshabeba nyumba, saluni, mashine za kusaga na friji za maduka. Chaja moja ya kilowati 60 inazidi uwezo wote wa transfoma ya kVA 50. Ukiifunga hapo bila kujenga transfoma yake, mtaa mzima utaingia kwenye umeme mdogo: taa zinakuwa nyekundu, friji zinaunguruma, televisheni zinaungua.

Linganisha na chaja kumi za betri za pikipiki. Kila moja wati 700, jumla kilowati saba. Ni kama pasi saba za nguo zimewashwa kwa pamoja. Duka la kawaida lenye laini ya fezi tatu linaimudu kazi hiyo bila jirani kujua.

Katikati ya hizo mbili ipo chaja ya ukutani ya kilowati 7 hadi 22, inayofaa hoteli, ofisi au maegesho ambako gari linakaa saa kadhaa. Gari dogo la umeme lenye betri ya uniti 40 hujaa kwa kilowati saba ndani ya saa sita hivi, usiku mmoja wa mgeni hotelini. Kwa soketi ya kawaida ya nyumbani muda huo huongezeka mara mbili au tatu.

Kuna jambo jingine ambalo mwekezaji wa kwanza asipoliangalia litamrudia. Vichwa vya chaja havifanani. Nissan Leaf iliyotumika, inayokuja kutoka Japani kama yalivyokuja magari yetu mengi, huchajiwa haraka kwa kichwa kinachoitwa CHAdeMO. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la China yana kichwa cha GB/T. Ya Ulaya, na mengi ya China yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje, hutumia CCS2. Mtu anaweza kuendesha kwa shida hadi kituoni, akakuta chaja inafanya kazi, umeme upo, na kichwa hakiingii. Nchi inayopokea magari kutoka pande zote za dunia inahitaji kuamua mapema kituo cha umma kiwe na vichwa vipi, na kazi hiyo ni ya serikali kuliko ya mfanyabiashara mmoja wa Kigoma.

Vipi basi kuhusu safari ndefu? Kigoma hadi Kasulu ni kilomita 90 hivi, na gari la umeme la wastani linafika. Kigoma hadi Tabora ni kama kilomita 400, na huko ndiko vituo vya haraka vinakohitajika kweli. Uzuri ni kwamba njia ya umeme na barabara zimeandamana. Uvinza, Nguruka, Kaliua na Urambo ni miji ambayo basi husimama abiria wakapata chai, na nyaya zinaelekea huko huko. Upande wa kaskazini barabara ya Kasulu, Kibondo na Kakonko kwenda Nyakanazi nayo imefuatana na umeme. Chaja moja ya haraka katika kila mji wa mapumziko, yenye transfoma yake, ingefungua njia ya gari la umeme kutoka Kigoma hadi nchi nzima. Lakini haraka ya jambo hilo ni ndogo. Wenye magari ya umeme ya masafa bado ni wachache, na chaja ya mamilioni isiyo na wateja huota kutu.

Historia inaonyesha kwamba chombo mara nyingi hutangulia kituo. Agosti 1888 Bertha Benz alitoka Mannheim kwenda Pforzheim nchini Ujerumani kwa gari lililobuniwa na mumewe, safari ya kama kilomita 100, na duniani hakukuwa na kituo hata kimoja cha mafuta. Mafuta yalipomwishia alinunua kimiminika cha kusafishia madoa kwenye duka la dawa la mji wa Wiesloch, akaendelea. Sheli zilikuja baadaye, baada ya magari kuwa mengi. Nchini Tanzania magari ya watalii ya umeme yaliingia mbuga za kaskazini mwaka 2018 kupitia Mount Kilimanjaro Safari Club, yakichajiwa kwa sola kambini, bila kungoja mtandao wa vituo vya umma. Dar es Salaam bajaji za umeme zinachajiwa majumbani na kwenye yadi za wenye nazo. Na Ethiopia, nchi yenye umeme mwingi wa maji na uhaba wa dola za kununulia mafuta, mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Magari ya umeme yakaongezeka kwa kasi, na vituo vinakimbizana nayo.

Kigoma ina chombo kingine kikubwa cha umeme inachokisubiri, na hicho ni treni. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kwa umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Treni hiyo itakapofika, abiria atashuka stesheni akiwa ametoka Dar es Salaam bila tone la dizeli. Itasikitisha sana kama hatua mia mbele ya stesheni ataambiwa apande pikipiki inayotegemea petroli ya lori.

Ziwani kazi ni ngumu zaidi. Hifadhi ya Gombe, alikoanza Jane Goodall kuwachunguza sokwe Julai 1960, haina barabara ya gari, na wageni huiendea kwa boti. Mashine za boti za umeme zimekwisha kujaribiwa na wavuvi wa Ziwa Victoria upande wa Kenya. Tanganyika ina mawimbi na umbali wake, na boti ikiishiwa betri katikati ya maji hakuna wa kuisukuma. Boti za safari fupi za karibu na pwani ndizo zinazofaa kuanza. Na kituo chochote cha ufukweni kijengwe juu kwenye mwinuko. Miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda, yakaingia mitaa ya Bujumbura, Uvira na Kalemie. Umeme na maji hayo havikai pamoja.

Wasiwasi wa watu uko wazi, na mwingi una msingi. Umeme unakatika. Kituo cha kubadilishia betri kinalimudu hilo kuliko chaja ya haraka, kwa sababu betri zilizojaa rafuni ndizo akiba yake. Umeme ukikatika saa tatu, zinazoendelea kutoka ni zile zilizojazwa usiku. Paneli za sola juu ya paa zinaongeza nguvu mchana. Moto nao si wa kupuuzwa. Betri ya lithiamu iliyolowa, iliyopasuka au iliyochajiwa kwa chaja isiyo yake inaweza kuwaka na kuwa ngumu kuzimika. Waya mwembamba uliovutwa kutoka dirishani hadi barazani, usio na athi, ukapitisha wati 2,000 usiku kucha, unapata moto polepole mpaka plastiki inalainika, na wenye nyumba wamelala.

Halafu mafundi. Chini ya miembe ya Kigoma na Ujiji kuna vijana wanaoifungua injini ya pikipiki na kuirudisha bila kubakiza nati, ujuzi walioupata kwa miaka ya mikono myeusi ya grisi. Pikipiki ya umeme ina kidhibiti cha mota, saketi inayolinda betri na nyaya za volti zinazoweza kumdhuru mtu. Fundi asiyefundishwa atabahatisha, na kubahatisha kwenye betri ni hatari. Chuo cha VETA kipo Kigoma. Kozi fupi ya miezi michache kwa mafundi walioko kazini, jioni, kwa ada wanayoiweza, ingefaa ianze kabla pikipiki hazijajaa mjini. Kijana aliyemaliza kozi hiyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kuitwa kituo kitakapofunguliwa.

Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji inaweza kufanya jambo moja mwaka huu huu bila kungoja mwekezaji wa nje: kutenga maeneo matatu, karibu na stendi ya mabasi, Mwanga sokoni, na juu ya mwalo wa Kibirizi, kisha kuiomba TANESCO ipime transfoma za maeneo hayo na kutangaza zina nafasi kiasi gani. Mwenye mtaji mdogo akijua kwamba pale Mwanga kuna kilowati kumi za ziada, ataleta chaja zake kumi na kuanza. Akiachwa akisie, hataleta.

Na wewe msomaji unayefikiria kununua pikipiki au bajaji ya umeme leo, usisubiri utepe ukatwe. Mwite fundi umeme mwenye leseni akague waya na athi ya nyumba yako. Muulize muuzaji betri ina uniti ngapi, imehakikishwa miaka mingapi, na ikiharibika nani Kigoma ataitengeneza. Asipokuwa na jibu la swali la mwisho, shika fedha yako.